Mikono Themanini ya Kushoto

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kwa mafundi wenzake, kwa muuza nyuzi, hata kwa wakwe zake, yeye ni Mama Fumua. Jina hilo lilitokana na neno analolisema kila siku akipita nyuma ya cherehani: "Fumua, mwanangu." Hapandishi sauti. Mshono ukienda upogo hata kwa unene wa uzi ataona, na wewe ukijitia hamnazo ataona vilevile. Wapo waliomchukia kwa hilo mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu ndio hao hao waliomletea wadogo zao awafundishe.

Karakana yake ilikuwa stoo ya saruji kabla hajaikodi, na ukiegemea ukuta bado unaondoka na vumbi la kijivu begani. Ndani mna cherehani kumi, sita za kukanyaga na nne za umeme, na meza ndefu ya kukatia iliyoundwa kwa milango miwili ya nyumba iliyobomolewa. Mlango mmoja una tundu la kitasa hadi leo, wanachomeka chaki humo. Alianza peke yake, mumewe alipofariki na kumwachia watoto watatu na cherehani yenye mguu uliolegea. Sasa wako wanawake kumi na mmoja. Yupo aliyeachwa, yupo aliyekataa kuolewa, na yupo ambaye mumewe ni mzima na mwema ila anapenda mno kupumzika.

Kanuni za pale ni chache, na kubwa kuliko zote aliitunga yeye. Aliyekosea anasimama kando ya meza, anasema "ni mimi", anaeleza alivyokosea, kisha anafumua kwa mikono yake. Hachekwi. Na ambaye hajaelewa anauliza, hata mara kumi, kwa sababu kuuliza si ujinga, na kitambaa kikishakatwa hakisikii samahani.

Kila mwaka chuo cha ng'ambo ya barabara kuu hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingine, waje kujifunza ujasiriamali wa kijamii na uwezeshaji wa wanawake, na huwapeleka kwa Mama Fumua kwa siku kumi. Mwanzoni maneno hayo yalimtisha. Mwalimu wa chuo alipomfafanulia, alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Kumbe ndiyo kazi yetu!" alimwambia shoga yake, fundi wa kola. "Miaka yote hii mimi nilidhani tunashona."

Aliwapenda wageni wake. Aliwafundisha kutia uzi sindanoni, akawatania walipojichoma. Wao walimwamkia "shikamoo, mheshimiwa fundi", kwa Kiswahili cha darasani kilichopigwa pasi, naye aliitikia marahaba kama waziri.

Mwaka huu walikuja tisa. Mmoja alikuwa binti mrefu aliyeinama kila alipoingia mlangoni, na kabla ya chai ya kwanza alishabatizwa Mlingoti. Alikuwa na akili na haraka, na somo lake lilikuwa kupunguza kitambaa kinachotupwa. Alikuta karakana ina kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata: hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi, na ilitaka makoti arobaini ya wauguzi, ya kijani, mikono mirefu, Ijumaa saa tatu asubuhi. Metroni wa hospitali hakuwaficha kitu. Kazi ikiwa nzuri, sare zote za hospitali zitashonwa pale. Ikiwa mbaya, wasirudi.

Jumatatu Mlingoti alileta karatasi yenye mistari, mishale na vijisanduku. Alieleza harakaharaka, wenzake wakiwa nyuma yake na mwalimu akitikisa kichwa kwa fahari. Kitambaa kisikunjwe. Kitandazwe tabaka juu ya tabaka, vipande vipangwe vikibanana, na kingi kitaokolewa. Mama Fumua aliitazama ile karatasi. Ile mishale ilimpita kushoto na kulia. Alitaka kusema hajaelewa, neno likafika kwenye meno. Lakini kesho yake alikuwa anakwenda kuhutubia ukumbi wa chuo kama mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa atashindwaje na karatasi ya mtoto?

"Ni sawa kabisa," alisema. "Kateni kesho, mimi nitakuwa chuoni."

Kwenye hotuba yake alisema vizuri sana. Alisema mwanamke asiogope kufungua mdomo wake. Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi, akapewa cheti ndani ya fremu, akarudi nacho karakanani akitembea kama bibi harusi. Akakuta cherehani zote kimya.

Fundi wa kola alinyanyua koti moja. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ulikuwa umegeuka, kiwiko kikitazama mbele.

Pale karakanani kitambaa hukunjwa uso kwa uso, hivyo kila mkato hutoa mkono wa kulia na pacha wake wa kushoto. Safari hii kilitandazwa chote uso juu, na mchoro wa mkono ulikuwa wa upande mmoja. Mikono themanini ilikuwa imekatwa, yote ya kushoto. Na rangi ile ilishakwisha dukani, jora jingine lingekuja baada ya wiki tatu.

Mlingoti alikuwa amekaa kando ya pasi, analia. "Kosa ni langu, mheshimiwa fundi. Ni langu peke yangu."

"Si lako ni la nani!" alifoka fundi wa vifungo. "Eti mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amekuja kutuzika!"

Mwalimu wa chuo alijaribu kutuliza mambo. Alisema yeye ataiandikia hospitali barua, aeleze kuwa ilikuwa ajali ya mafunzo, mwanafunzi alikata vibaya fundi mkuu akiwa hayupo. Kila neno la barua hiyo lingekuwa la kweli.

Mama Fumua angeweza kunyamaza tu. Jina lake lingebaki safi, mtoto angerudi kwao, na watu wangesahau. Aliwaza hivyo, tusimfanye malaika. Aliwaza kwa muda wa kutosha kuona aibu.

Aliweka cheti chini, akaenda kusimama kando ya meza, pale wanaposimama waliokosea. Hakuwahi kusimama hapo mbele ya wageni.

"Ni mimi," alisema. "Jumatatu mtoto huyu alinionyesha karatasi yake. Sikuielewa. Nikaogopa kuuliza mbele ya watu, nikasema ni sawa. Yeye alikata, lakini mkasi niliutoa mimi."

Kisha fundi wa kola akasukuma kiti chake, akaja akasimama karibu naye.

"Basi na mimi ni mimi," alisema. "Mkono wa tano tu nilishaona yote inaangalia upande mmoja. Nikasema, huyu msomi, mimi niliyeishia darasa la saba nitamwambia nini? Nikaendelea kupanga."

Fundi wa vifungo naye alisimama, kichwa chini, kelele zote zimemwisha. Akafuata mpiga pasi. Watatu waliliona kosa, na hakuna aliyefungua mdomo, mchana ule ule ambao ukumbi ulikuwa unamshangilia Mama Fumua. Hilo lilimuuma kuliko kitambaa.

Alivuta stuli. "Futa machozi, mwanangu, lete ile karatasi. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu, maana ndiye mimi."

Aliuliza maswali kumi na moja, mengine mara mbili. La saba lilipojibiwa, alielewa mishale. La tisa lilipojibiwa, aligundua kuwa binti hakuwa amesema uongo: kitambaa kweli kilibaki, kingi kuliko walivyowahi kubakiza. Walipima. Kilitosha mikono ya kulia ya makoti ishirini na sita. Makoti kumi na manne yaliyobaki yangekuwa ya mikono mifupi, kwa sababu mkono mrefu wa kushoto ukiukata nusu unaweza kuuchonga upya ukawa wa kulia.

"Nitaandika hivyo kwenye barua," alisema mwalimu.

"Usiandike, mwalimu. Barua haina uso. Nitakwenda mwenyewe."

Alikwenda Jumatano, na koti moja la mkono mfupi, akamsimulia metroni tangu aliposema "ni sawa kabisa". Metroni alimsikiliza, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Kwa hiyo hukuelewa, ukasema umeelewa."

"Ndiyo, metroni."

Metroni alilivaa lile koti, akanyoosha mikono kama anayetoa mtoto kwenye beseni. "Haya kumi na manne yaende kwa wanaoogesha watoto. Lakini Ijumaa nitakagua kila mshono."

Siku mbili hizo karakana ilifanya kazi kama haijui kukaa. Wageni wote tisa walifumua mikono iliyokwisha kushonwa, na Mlingoti alifumua mpaka ncha za vidole zikavimba, bila kuombwa.

Ijumaa saa mbili na nusu makoti arobaini yalikuwa mezani kwa metroni. Alikagua, akapata kifungo kimoja kimelegea. Mama Fumua akakikaza pale pale kwa sindano aliyoichomeka kwenye kanga yake. Ndipo metroni akatoa karatasi tatu za mkataba wa sare za mwaka mzima, akazisoma mbio: viwango, awamu, vigezo vya madaraja. Makarani wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri, mmoja ameshamnyooshea kalamu.

"Umeelewa?"

Neno lile lile la Jumatatu likamfika kwenye meno. Nyuma yake, fundi wa kola na Mlingoti walikuwa wameshika mifuko mitupu.

"Sijaelewa, metroni. Naomba unieleze tena, kuanzia juu."

Karani alishusha pumzi. Metroni alimtazama Mama Fumua juu ya miwani, akafungua ukurasa wa pili, akausoma kimyakimya, akaurudia.

"Vuta kiti," alisema. "Mkataba huu mimi mwenyewe niliutia saini jana, na hapa sijui wanasema nini."