Shahidi wa Jasi Juu ya Kitanda

Kwanza nilisikia mlio. Tok, tok, tok, kisha puu, kama mtu anayegonga kibuyu kitupu. Nilikuwa bado mlangoni mwa nyumba ya serikali mjini Machakos, siku yangu ya kwanza kazini, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Macho yalipozoea giza, nikamwona Foremani juu ya jukwaa akigonga dari kwa mpini wa mwiko, sikio amelitega.

"Wewe wa suruali ya kanisa, panda! Hapa plasta imeachana na waya. Umesikia?"

"Nimesikia, Foremani."

"Uongo. Umesikia njaa yako. Gonga tena."

Dari za siku hizo tulizipiga kwa jasi juu ya waya wa kuku. Ufa ukitokea, hatukuuziba papo hapo. Tuliweka shahidi: kipande chembamba cha jasi, upana wa vidole viwili, kikivuka ufa, na kando yake tukaandika siku kwa penseli. Shahidi akikaa mzima wiki tatu, ufa umekufa; unaupanua, unaulowesha, unauziba. Akipasuka, ufa uko hai, na hapo dari inabomolewa.

Baadaye nilipelekwa kwenye nyumba ya wageni ya parokia moja, chini ya Msimamizi wa Majengo, mtu wa haraka.

"Fundi, wageni wako njiani. Ziba."

Nikaziba bila shahidi. Dari ilianguka mchana, chumbani hamna mtu. Nilipoingia nikakuta plasta imelala kitandani kwa umbo la mtu, magoti yamekunjwa. Msimamizi aliitazama, akasema tu, "Zoa."

Nilipostaafu nilirudi kijijini kwetu Kola, kwenye nyumba niliyoipiga plasta mwenyewe. Kiangazi hiki ufa ulitokea chumbani kwetu, mwembamba kama unywele, ukielekea upande anaolala mke wangu, Kalekye. Nikaweka shahidi. Asubuhi alikuwa amepasuka. Nikapanda darini: mbao kavu, hamna mchwa, vumbi halina hata alama ya panya. Nikaweka wa pili, wa tatu. Wote walipasuka, na kila mara ufa ulikuwa umesogea karibu zaidi na mto wake.

"Baba Mwende, bomoa hiyo kitu," akasema.

"Hiyo ni kazi ya mkono wangu."

"Kwani mkono wako ni wa malaika? Mimi ndio nalala chini yake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mtakaoshika mwiko baada yetu, mtawachukia wakubwa wenu, kama sisi tulivyowachukia. Lakini wakubwa wana faida moja: wanakukagua. Ukistaafu, wewe ndiwe fundi na wewe ndiwe mkaguzi, na unajisamehe upesi.

Alhamisi asubuhi shahidi wa nne alikuwa mzima.

"Njoo uone!" nikaita. "Umetulia!"

Kalekye akapanda juu ya kitanda, akakaza macho.

"Uliandika lini?"

"Jana. Jumatano."

"Aiya. Mbona hapa ni Jumapili?"

Nikapanda na mimi. Mwandiko ulikuwa wangu, hata ile J yangu yenye mkia uliopinda. Nami nilikumbuka vizuri nilivyoandika Jumatano; Jumapili iliyopita shahidi huyu hakuwapo, iliyobaki ni ile inayokuja. Labda ni uzee, sijui. Tulipokuwa tumesimama pale, unga mweupe ukamdondokea begani, taratibu, na hapakuwa na upepo.

Sikubishana tena. Nikashusha nyundo na turubai.

"Nenda kwa Mwende kule Kyumbi. Leo hii. Kabla ya Jumapili nitakuwa nimeiangusha yote."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyeiweka."

"Basi usisimame chini yake, mzee."

Akajipangusa ule unga, akachukua mkoba, akaitazama dari kama mtu anayeaga mgonjwa. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.