Dawa Haioshwi

Mwaka ambao chumvi ilifukuzwa nyumbani kwetu, tulikuwa tukiishi ghorofa ya tatu huko Kayole. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kupika huku nikisubiri chuo. Baba alikuwa dereva wa lori dogo la kampuni ya rangi. Daktari wa kampuni alimpima presha, akakunja uso, akampima tena kwenye mkono wa pili, kama mtu anayetumaini kwamba mkono wa kushoto una tabia nzuri kuliko wa kulia. Mikono yote miwili ilisema lile lile. Akampa vidonge, akamkataza chumvi na mafuta, akamshauri atembee, kisha akamwambia arudi baada ya miezi miwili. Presha isiposhuka, Baba angerudisha ufunguo wa lori na kupelekwa kulinda geti.

Kwa Baba, geti lilikuwa neno baya kuliko presha. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amempigia mlinzi wa geti hilo honi, kwa pupa ya mtu ambaye rangi yake inakauka njiani. Hakutaka kuwa upande wa pili wa honi.

Mama alikificha kikopo cha chumvi wala hakutuambia alikokiweka, maana aliyajua mahojiano ya Baba. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikaanza kuiva bila kitu cha kuifariji. Siku ya kwanza Baba alitafuna kijiko kimoja, akatua.

"Mama watoto, hii ni githeri ama ni kokoto?"

"Ni githeri ya dereva," Mama akajibu. "Ile ya mlinzi wa geti ndiyo inakuja na chumvi."

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu mpole ambaye sote tulimwita Fundi. Alikuwa akisafirisha twiga na ndovu wa mti hadi Mombasa kuwauzia watalii, na kila safari baadhi yao walirudi naye. Safari hiyo waliorudi walikuwa wengi. Kwa kukosa magazeti ya kuwafungia wasivunjike shingo njiani, alikuwa ameokota mwani wa kahawia uliotupwa ufuoni na mawimbi, akauanika mchangani, akawafunga nao. Tulimkuta koridoni akiwafungua, gunia zima la mwani mkavu likiwa miguuni pake tayari kwenda kutupwa.

"Mtalii mmoja aliunusa huu," alituambia akicheka. "Anasema kwao wanautia kwa supu, kwa mkate, hata kwa biskuti. Ati wataalamu wao wanadhani huenda unasaidia presha, na tumbo, na unene. Alinieleza mpaka nikachoka kusimama. Twiga hakununua hata mmoja."

Baba, aliyekuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, alisimama na kiatu kimoja.

"Amesema presha?"

Nimekuwa nikifuatilia habari za watu karibu maisha yangu yote, na bado sijaona habari iliyosafiri kama ile. Neno "huenda" halikufika mbali. Lilikufa pale pale koridoni. Ghorofa ya pili walisikia kwamba mwani unashusha presha. Chini kwenye bomba la maji ulikuwa tayari unaponya presha, kisukari, vidonda vya tumbo na mume anayechelewa kurudi. Vijana waliozoea kukaa ngazini waliongeza faida moja ambayo nilijifanya sikuisikia, na jioni hiyo wanaume kadhaa wenye heshima zao walipanda kumjulia Fundi hali.

"Fundi, habari ya safari? Hiyo dawa imebaki?"

"Si dawa, mzee. Ni ya kufungia vinyago."

"Sawa, sawa. Basi nifungie kidogo."

Baba, kwa kuwa alikuwa jirani wa mlango kwa mlango, alipewa fungu lililojaza beseni. Mama aliona mchanga, akaona na vumbi jeupe lililoganda kwenye majani, akaenda kuchota maji. Baba akamshika mkono.

"Dawa haioshwi."

Alitukalisha akatufafanulia. Nyanya yetu alipochimba mizizi ya dawa alikuwa akiikung'uta udongo tu. Maji hayakuigusa mpaka iingie chunguni, kwa sababu maji huondoka na nguvu. Tena hilo vumbi jeupe, alisema akilikwangua kwa ukucha ili tulione vizuri, ndiyo nguvu yenyewe imetokeza nje. Akautwanga mwani mwenyewe kwa kinu, madirisha yakiwa yamefungwa ili nguvu isipeperuke, akaujaza kwenye mkebe wa kahawa.

Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari za kokoto. Asubuhi kijiko kimoja kwenye uji. Mchana alinyunyizia maharagwe aliyobeba kazini. Jioni alinyunyizia githeri, akaonja, akanyunyizia tena. Tuliomjua Baba kama mtu wa kubembelezwa kama mtoto kumeza kidonge cha malaria sasa tulimwona akinyunyizia dawa kwenye parachichi. Vidonge vya daktari alivimeza siku alizovikumbuka, kwa adabu tu.

"Dawa nyingine ni chungu," alimwambia Fundi. "Hii imejua mgonjwa ni mtu."

Mama naye alifurahi, kwa kuwa sufuria zilikuwa zinarudi tupu. Katika ghorofa zote nyumba zilizokuwa zimeacha chumvi kwa amri ya daktari zilishuhudia kwamba mwani unaleta hamu ya kula. Mama mmoja wa kwaya alisimama kanisani akautolea ushuhuda.

Ilipobaki wiki moja kabla ya kipimo, niliona tunaitendea vibaya ile habari ya mtalii. Alikuwa amesema supu, na sisi hatujapika supu. Nilichukua majani yaliyobaki kwenye beseni nikayaloweka ili yalainike kabla ya kuwekwa na viazi. Yalivimba mpaka yakainua kifuniko. Nikachovya kidole kwenye yale maji nione kama yanafaa kupikia, nikaonja.

"Mama, onja hapa."

Mama akaonja. Akaonja tena, polepole. Akaniangalia.

"Ni chumvi," akasema.

"Ni chumvi, Mama."

Baba aliingia wakati huo huo, akaona majani yakiogelea.

"Nani ameosha dawa?"

"Baba watoto, hii dawa yako ni chumvi tupu."

"Chumvi ni ya dukani. Hii imetoka baharini."

"Na bahari ina nini?"

Baba alisema hajawahi kuionja bahari na hawezi kuisingizia. Mama alivuka koridoni akarudi na Fundi mkono mmoja na twiga mkono wa pili. Kwenye mikunjo ya shingo ya yule twiga palikuwa na mistari ile ile myeupe.

"Mzee, hayo ni maji ya bahari yamekauka," Fundi alisema kwa masikitiko. "Vinyago vyangu vyote vinarudi hivyo. Mimi huvipangusa na kitambaa."

"Lamba," Mama akamwambia Baba.

"Nilambe twiga?"

"Kama hiyo nyeupe ni dawa, huyu naye ni dawa. Lamba upone."

Mlango ulikuwa wazi na vijana wa ngazini walikuwa wamesogea. Baba alimshika twiga kwa mikono miwili, akafumba macho, akalamba shingo.

"Wueh! Cheki buda anabusu twiga!"

Baba alimweka twiga mezani taratibu. "Chumvi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemfumania rafiki yake.

Tuliubadilishia mwani ule maji mpaka ukaacha ladha kabisa, nikaupika na viazi. Supu ikawa nzito, ikateleza. Baba aliinua kijiko, akautazama ule uzi uliofuatana nacho.

"Sasa hii ndiyo ile ya mtalii?"

"Ndiyo hii."

"Basi mtalii ana shida zake."

Habari hiyo nayo ilishuka ngazi. Walioosha mwani hawakuutaka tena, na kabla ya Jumapili kila nyumba ilikuwa imeukataa. Faida zote, pamoja na ile ya vijana, zilikwenda na maji ya kuoshea. Kumbe tulichokuwa tumekikosa ni chumvi, na yeyote angeturudishia chumvi kwa jina lingine tungemtolea ushuhuda.

Siku hizi nakuta unga wa mwani kwenye rafu za maduka makubwa. Husoma nyuma ya pakiti: nyuzinyuzi, madini joto, na lile neno "huenda" limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Sina ugomvi na mwani. Huenda ni kweli. Sisi hatukuupa nafasi ya kutuonyesha.

Wiki moja haikutosha kufuta yaliyoliwa. Mikono yote miwili ya Baba ilisema lile lile, na akarudisha ufunguo. Hakuweza kuvumilia kupewa lifti na madereva wenzake, wala kuonwa nao kituoni, kwa hiyo alikuwa akitoka alfajiri na kwenda kwa miguu mpaka geti la kampuni, Industrial Area, akarudi vivyo hivyo jioni. Kwa hasira alimeza vidonge bila kuruka hata siku. Alikula githeri ya kokoto bila neno. Getini alifungulia malori, na kila honi ilimwingia mwilini.

Miezi ikapita. Daktari alimpima mkono wa kulia, akampima wa kushoto, akatabasamu. Jioni hiyo Baba alifika nyumbani akiendesha lori, akapiga honi ndefu chini ya dirisha letu. Alipanda ngazi akisalimia kila mlango, akasimama kwa Fundi.

"Ile dawa yako, Fundi, kumbe inafanya kazi polepole!"

Mama alikuwa dirishani akilitazama lile lori lililoegeshwa, akageuka kutazama viatu vya Baba pale mlangoni, vilivyolika visigino kwa kutembea. Kisha aliingia jikoni, akakitoa kikopo cha chumvi pale alipokuwa amekificha, akakitafutia mahali pengine.