Usiku Mikaratusi Ilipoinama Karatu

Ninyi mliokulia pwani mtanisamehe, lakini sisi tuliofunga Ramadhani Karatu tukiwa wadogo tuna ya kwetu ya kusimulia. Miaka ile ya mwanzo wa themanini mwezi mtukufu uliangukia majira ya baridi, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala mjini mpaka saa nne asubuhi. Kiu hatukuijua sana. Sisi tulifunga huku meno yakigongana. Sukari ilikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo uji wa futari tuliunywa na pilipili manga nyingi ili ulimi usiulize maswali. Vijana wa leo wakikosa tambi siku moja wanasema futari imeharibika.

Waislamu tulikuwa wachache. Msikiti wetu ulikuwa wa udongo na bati, na kila mtu alikijua kikohozi cha mwenzake. Baba, Mrangi wa Kondoa, alikuwa fundi cherehani barazani kwa duka moja. Mama alikuwa Mwiraqw wa Endamarariek, akasilimu alipoolewa. Tangu hapo babu, yaani baba yake mama, hakukanyaga kwetu, wala mama hakurudi kwao. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kumwona huyo babu. Mama hakulizungumza jambo hilo, ila akisikia wazee wakiongea Kiiraqw siku ya mnada alisimama kidogo na kapu lake, kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

Chuoni tulikosoma Kurani, maalim wetu alitufundisha habari za Lailatul Qadri. Usiku huo, alisema, malaika hushuka wengi kuliko kokoto, mwanga hutanda, miti huinama kumsujudia Mola, na atakayejaliwa kuuona, ombi lake halirudi. Tuliamini yote. Kuamini yasiyoonekana kulikuwa rahisi mahali ambapo ukungu ulificha hata choo cha uani. Kisha maalim akaongeza neno lililonikosesha raha: aliyekata udugu hana fungu usiku huo mpaka apatane na nduguye. Jioni ile nilimtazama mama akikoroga uji huku midomo yake ikicheza kwa dua, nikaogopa kwamba maombi yake yote yanaishia kwenye bati.

Usiku wa ishirini na saba wanaume walikesha msikitini na taa yao ya karabai. Mimi na mdogo wangu Shabani tulijifunika blanketi moja, tukakaa dirishani. Tulikubaliana kwamba ombi litakuwa moja. Shabani alitaka baiskeli. Nikamwambia baiskeli itangoja, kwanza babu. Alikubali kwa shingo upande.

Daku ilipokaribia, ukungu wa upande wa Ngorongoro ukaanza kuwa mweupe. Ule weupe ukashuka, ukashuka. Mara mikaratusi ya barabarani ikainama, mmoja baada ya mwingine, ikalala mirefu mpaka ukutani kwetu. Shabani aliniuma mkono kwa hofu. Dua ya Kiarabu niliyoihifadhi wiki nzima ikanitoka kichwani, nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Mungu, babu wa Endamarariek ampende mama!"

Nyuma yetu sufuria ikaanguka. Mama alikuwa mlangoni. Alituvuta wote wawili kifuani, nikahisi machozi yake yakiingia kwenye nywele zangu.

Baba alirudi na kanzu nyeupe iliyojaa mavi ya ng'ombe. Lori la mifugo lilikuwa limeshuka kutoka upande wa Endulen, kule Ngorongoro, dereva akaona karabai, akaja mpaka mlangoni mwa msikiti. "Samahani wazee, nimeona mko macho," aliwaambia. "Ng'ombe mmoja ameanguka ndani, wenzake wanamkanyaga. Nisaidieni kumwinua." Msikiti mzima ukatoka kwenda kuinua ng'ombe. Baba alisimulia huku akicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia mpaka daku ikapoa. Niliona nimelimaliza ombi letu kwenye taa za lori na vivuli vya miti.

Mama akanifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nani amekuambia malaika hawapandi lori?" akasema.

Kesho yake akamwambia baba kwamba Idi Pili atakwenda kwao. Baba alitoa kitambaa kizito cha koti alichokuwa amekihifadhi, akashika futi ya kupimia. "Mabega yake yakoje?" Mama akanyoosha mikono, akaonyesha hewani: mabega mpaka hapa, kifua hapa, urefu hapa. Baba akaipima ile hewa, akamshonea koti mkwe asiyewahi hata kumpa mkono.

Idi Pili tuliondoka alfajiri kwa miguu. Kadiri tulivyokaribia, mama alizidi kupunguza mwendo. Uani tulimkuta mzee ameketi akichonga mpini wa jembe. Mama alisimama nje ya ua, asithubutu kuvuka. Mzee alitazama kwanza miguu yetu.

"Mmekuja na miguu?"

"Kwa miguu, baba."

"Na hii watoto?"

"Na watoto."

Akaweka mpini chini. "Mimi nilisema usiolewe kule," akasema taratibu. "Sikusema usirudi."

Mama alilia kama mtoto, na sisi tukalia kwa kumwona. Ndani, mzee alivaa koti. Mikono ilimeza vidole vyake, mabega yakaning'inia. Mama alikuwa amempima kama alivyomwacha, na mzee alikuwa amesinyaa miaka yote ile bila yeye kuona. Mama aligeukia ukutani. Babu akajipapasa kifua, akasema koti ni zuri sana, lina nafasi ya sweta.

Leo Karatu ina taa kila kona. Kwa magari ya watalii yanayoteremka siku hizi, mimi na Shabani tungekuwa na Lailatul Qadri kila baada ya dakika tano. Wajukuu zangu wanaadhiniwa na simu, na nikiwasimulia habari za miti kuinama wananiangalia kwa huruma. Lakini sisi watu wazima tusijisifu. Tukikosana tunajitoa kwenye grupu la familia, kisha kila mmoja anakaa kwake akingoja mwenzake aanze.

Babu aliishi misimu miwili tu baada ya Idi ile. Mpaka leo inaniuma nikifikiria miaka yote ambayo yeye na mama walingojeana, kumbe kati yao palikuwa na mwendo wa asubuhi moja.