Kunuswa Mlangoni

Vita vya ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, vilipoanza tena, mji wetu wa Kamembe mzima ulianza kushukiana. Nyumba yetu ilikuwa imewatangulia. Kila tulipotoka kucheza, mimi na dada yangu mkubwa tulisimama mlangoni, tukafungua kinywa, na mama akainama kutunusa. Alikuwa anatafuta chakula cha watu. Hofu ya sumu haikuwa wazimu wake peke yake. Kwetu ukimpa mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mbele yake, umejitafutia ugomvi. Wazimu ulikuwa katika yale yaliyofuata.

Siku moja ya Idi, jirani yetu Mwislamu, mshonaji, alitupa pilau. Aliionja mbele yetu, tukala mpaka tukashiba. Kisha tukasukutua na kutafuna majani ya mpera, tukijiona wajanja. Mama akanusa yale majani, akajua. Alimtia dada vidole kooni mpaka akatapika, halafu akavua kandambili, akatuchapa nayo.

"Mushukuru," alituambia baadaye, akigusa kovu la mdomo wake. "Mie mama wa kambo alinichomaka na kijiko ya moto. Mie sibachomake."

Huyo mama wa kambo ndiye aliyemlea mama huko Bukavu, na kosa lilikuwa hilohilo, kula kwa jirani. Nilimhurumia mama na kumchukia siku hiyohiyo, na mpaka leo sijafanikiwa kuchagua moja.

Tulipokua, dada aliolewa kijijini Gashonga, akapata binti. Kila aliponipigia simu alisema mtoto ana adabu sana, hasumbui, haendi kwa watu. Hiyo adabu sikuiamini hata kidogo. Nilimuuliza kama anampiga.

"Mie simutapishake," alijibu.

Sikuwa nimeuliza hilo. Wiki hiyohiyo nilipanda pikipiki nikaenda, bila kumwambia.

Nilimkuta mtoto akitoka kwa jirani kupitia migombani. Alinitambua, akaja mbio mpaka mlangoni. Niliinama nimkumbatie. Akasimama wima, akafumba macho, akafungua kinywa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinusa kabla sijajizuia. Maharage.

"Anatoka kula kwa nani?" dada aliuliza kutoka ndani, hata salamu hakunipa.

"Hapana kwa muntu," nikasema. "Nilimupatia biskwi hapa ku njia, tulikula naye."

Mtoto alinitazama. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia mtu mzima akidanganya kwa ajili yake. Dada akatoka, akasimama kizingitini, akatupima kwa macho, mimi na mtoto. Alikuwa na uso wa mama, umekaza vilevile.

"Na weye fungula," akaniambia.

Mimi, mwanamke mwenye nyumba yangu na watoto wangu, nilifungua kinywa kabla sijakumbuka kwamba tangu nitoke Kamembe sikuwa nimekula kitu. Dada alininusa, akavua kandambili.