Viungo Vilivyokataa Kukomaa

Kwenye karakana ya ngazi za alumini walimwita Mama Hadubini, kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni tangu asubuhi hadi jioni. Kazi yake ilikuwa kupima ugumu wa viungo, yale masikio ya kusubu yanayoshika vidato vya ngazi. Anaweka kiungo kwenye mashine, anavuta mkono wa mashine hiyo, gololi ya chuma inabonyeza, kisha anapima upana wa shimo. Shimo dogo, kiungo kigumu. Shimo kubwa, kinarudi kuyeyushwa.

"Mama Hadubini, leo nipime na mimi," fundi wa tanuru alizoea kumtania.

"Wewe wa nini? Hata bila gololi umeshabonyea."

Sasa jamani, alumini ina tabia yake. Ukiichanganya na shaba kidogo, ukaitia moto mkali kisha ukaizamisha majini, inatoka laini. Lakini iache tu rafuni. Shaba iliyomo ndani inaanza kujikusanya vikundi vikundi, vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ikifika siku ya nne kiungo kimekomaa, kimekuwa kigumu chenyewe, bila moto wala nyundo.

Miaka kumi na mmoja Mama Hadubini alibonyeza kila ikifika siku ya nne, na miaka yote hiyo shimo lilikuwa lilelile. Mazoea yana taabu. Mwaka wa kumi na mbili miguu ikawa inamvimba, kazi nazo zimezidi, akaanza kuhesabu siku badala ya kubonyeza. Siku nne zimetimia? Basi, anaandika kipimo cha wiki iliyopita, anatia sahihi, anakwenda kukaa.

Mwezi mmoja waya safi wa shaba ukaadimika. Fundi akatumia shaba ya rejeta kuukuu za magari. Rejeta zile zimeungwa kwa lehemu, na ndani ya lehemu mna bati. Bati lililoingia halikufika hata gramu moja kwa kilo ya alumini, nani angelidhania? Kumbe punje hizo zinatosha kuizuia shaba isisogee. Viungo vikakaa rafuni siku nne, vikatoka laini kama vilivyoingia. Karatasi ikasema vimepimwa. Ngazi ishirini zikauzwa.

Haikupita wiki, kijana mmoja mpaka rangi akaanguka na ngazi mojawapo kutoka usawa wa ghorofa ya pili. Kiungo kililetwa karakana kimefungwa kwenye gazeti. Hakikuvunjika. Kilikuwa kimejikunja kama sikio la mbwa.

"Mlevi tu huyo," tajiri mwenye karakana alisema. "Karatasi hii hapa. Vimepimwa."

"Bosi, tuzirudishe zile kumi na tisa," fundi akamsihi.

"Kwa sababu gani? Mama, si ulipima?"

"Nilipima," akajibu Mama Hadubini. Ulimi wenyewe ulimsaliti.

Walipotoka, alikwenda rafuni. Vilikuwa vimebaki viungo vitatu vya mkupuo ule. Akaweka kimoja, akavuta mkono wa mashine. Hakuhitaji kioo. Shimo lile lingemeza punje ya mahindi.

Akinyamaza, karatasi itamlinda yeye, itamlinda na tajiri, na watu kumi na tisa wataendelea kupanda. Akarudi ofisini bila kubisha hodi.

"Sikupima, bosi."

"Unasema?"

"Niliandika tu. Sikubonyeza hata kimoja."

Tajiri akafunga mlango. "Unajua neno hilo litatufikisha wapi? Mahakamani. Mimi na wewe."

"Najua. Lakini hivi tunavyozungumza, kuna mtu yuko juu ya ngazi."

Tajiri akachukua simu. Kabla ya kupiga alisema, "Uache koti la kazi mlangoni."

Nje, fundi alikuwa amesikia yote. "Dada," alisema, na safari hii hakutania, "miaka yote hiyo nilisubu bila wasiwasi kwa sababu nilijua jicho lako lipo."

Alivua koti, akalitundika mlangoni.

Ngazi zote zilirudi. Mwezi mmoja baadaye fundi akamfuata nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Tumevitia vile viungo vilivyorudi kwenye joko, joto la wastani, siku nzima. Unajua vimetokaje? Vigumu kuliko vyote tulivyowahi kusubu! Ni bati lilelile la rejeta, dada. Rafuni linazuia, jokoni linasaidia."

"Na yule kijana aliyeanguka?" Mama Hadubini akauliza.

"Bado yuko hospitali," fundi akasema, akainamisha kichwa.

Kesho yake Mama Hadubini akaenda hospitali. Yule mpaka rangi alikuwa amelala chali, mama yake ameketi akimpepea kwa kipande cha boksi. Akasema yeye ni nani na alifanya nini, bila kuongeza wala kupunguza. Yule mama akaacha kupepea.

"Kubonyeza kiungo kimoja," kijana akauliza, macho darini, "kunachukua muda gani?"

"Dakika moja, mwanangu."

"Dakika."

Mama yake akainuka, akawafukuza nzi waliotua kwenye nyayo za mwanawe, kwa maana kijana mwenyewe hakuwahisi hata kidogo.