Jogoo wa Kijivu ng'ambo ya Ua

Jogoo wa jirani akiwika alfajiri, watu wengine husikia sauti. Mimi nasikia shingo. Shingo ya kijivu, rangi ya moshi wa kuni mbichi, yenye manyoya marefu, membamba, yasiyokunywa maji. Kwangu jogoo ni mwekundu, mwekundu ule ule wa kila boma kutoka hapa Boito mpaka Kiptere.

Shule niliiacha mapema, ila mikono yangu ilisoma. Nilipokuwa bibi arusi mpya nilifundishwa kufunga nzi, yaani wadudu wa bandia wa kuvulia trauti, katika nyumba moja yenye meza ndefu karibu na mto. Wanawake wote wa meza ile nawakumbuka kwa jina la nyumbani na la ubatizo, na nani aliketi dirishani. Sitawataja. Wengine wamelala, na walio hai watasema nimewaanika. Nyumba ile ilipofungwa tulibeba kazi tukaenda nayo kwetu: ndoano, uzi, nta, manyoya ya kuku, na vaisi, kile chuma kinachobanwa mezani kushika ndoano.

Katika nzi wote nampenda mmoja. Anafanana na yule mdudu wa mtoni anayetoka majini asubuhi akiwa mrembo, na kabla watu hawajamaliza shughuli zao amekwisha kufa. Mkia wake ni kama nywele chache tu. Mabawa ni mawili, yamesimama wima, na aliyewahi kuchuma chai hahitaji kuelezwa: ni kama yale majani mawili ya juu unayoyavunja pamoja na chipukizi. Chini ya mabawa unazungusha unyoya wa shingo ya jogoo mpaka vijinywele vyake visimame pande zote kama miguu. Miguu hiyo ndiyo inayomfanya aelee. Ikiwa laini inakunywa maji, nzi anazama, na trauti hata hamtazami.

Kazi ya nzi huyo ilikuwa yangu. Mwanamume anayepeleka wageni kuvua alikuwa akija kwangu moja kwa moja, bila kupiga kona. Halafu mume wa jirani akastaafu kutoka kiwanda cha chai, wakanunua shamba ng'ambo ya ua wangu. Watu wa kutoka ziwani. Kumbe mke naye alikuwa anajua kufunga nzi! Na walikuja na jogoo.

Siku moja yule mtu wa wageni alifika akaomba bakuli la maji. Akatia nzi wangu, kisha nzi wa jirani. Wangu aliegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Wa jirani alisimama juu ya maji kama kuku asiyetaka kukanyaga matope.

"Kazi yako ni nzuri, kogo," akaniambia, kama anavyomwita nyanya yake. "Lakini mdudu mwenyewe ni wa kijivu. Hawa nitachukua kwa jirani."

Alipoondoka niliyamwaga maji yale kwenye maua yangu kwa nguvu mpaka maua yakalala.

Nikaenda kwa jirani.

"Dada, niuzie hii jokoo."

"Jo-nini?"

"Jokoo!"

"Sema jogoo, nyieka, ndio nikusikie."

"Na wewe sema shamba."

"Samba," akasema, tukacheka sisi wote. Lakini jogoo hakumtoa. "Hii ni ya mzee. Kwetu mwanamume anaingia boma mpya na jogoo. Nikikuuzia, si nimeuza mlango?"

Nyieka. Aliniita hivyo tangu walipohamia, nami nikadhani kwao ni rafiki.

Basi nikapanua tundu kwenye ua. Kuku wangu mweupe akajua njia, akaenda, akarudi, akalalia mayai. Vifaranga vikatoka vyekundu vyote, isipokuwa kimoja cha kijivu. Hicho nilikilisha wali wakati mzee wangu anakula ugali wa jana. Kila asubuhi niliangalia shingo. Ikarefuka, nikafurahi. Halafu mwenye shingo akaingia kwenye karai langu kuukuu akataga yai.

Manyoya ya kuku jike ni laini, hunywa maji kama kitambaa. Nikakaa chini hapo hapo, karibu na karai.

Jirani alikuwa ameegemea ua. "Nyieka, ni jogoo wako anataga?"

Jumapili iliyofuata, kanisani, niliketi na mama mmoja wa kwaya, naye ni wa kutoka ziwani. Nikamuuliza nyieka ni nini.

"Ni mke mwenza," akaninong'oneza. "Na neno lenyewe linatoka kwa wivu."

Mahubiri yale sikuyasikia. Nilitoka na Biblia kwapani mpaka kwa jirani, nikamkuta anaambua maharagwe.

"Kumbe siku hizi zote unaniita mwenye wivu?"

"Kwani huna?" Hakuinua hata kichwa. "Kwetu wake wa boma wanaitana hivyo, hata wakipendana. Lakini wewe nilikujua siku ile tunashusha vitu. Ulisema chamgei ukiangalia jogoo. Mimi hukunisalimia mpaka leo."

Niliinama nikaokota maharagwe yaliyoanguka.

"Kuuza sitauza," akasema, akiweka ungo chini. "Kung'oa kidogo, sawa. Shika miguu."

Nilishika. Yeye aling'oa manyoya machache ya shingo, jogoo akitutukana kwa lugha yake. Nikaenda nayo nyumbani nimeyafungia ndani ya leso, nikafunga nzi wangu taratibu, kama siku ile nilipofundishwa.

Yule mtu wa wageni alipokuja tena, bakuli nilileta mwenyewe. Nzi wangu akatua, akasimama. Hakuegemea popote. Yule mtu aliinama, akamtazama, nami nikangoja lile neno la sifa nililolikosa tangu majirani waje.

"Kogo," akasema, "huyu ni mzuri kabisa. Huwezi kumtofautisha na wa jirani."

Ng'ambo ya ua kuna mtu alicheka mpaka akakohoa.

Nikachukua bakuli nikaenda nalo kwenye maua.