Kupisha Wengine Mezani

Kwa miaka saba nilikuwa na kazi moja kanisani: kugeuza magoti wenzangu wapite. Watu wakianza kusimama kwenda kukomunika, mimi nilibaki kwenye benchi, nikavuta magoti pembeni ili mwenye mwili na mwenye mtoto mgongoni wote wapate njia. Wengine walinikanyaga vidole, wakasema pole, nikajibu si kitu. Halafu nilitazama migongo yao ikielekea altareni. Njaa niliyoisikia pale siwezi kumweleza mtu aliyeshiba.

Sikufukuzwa kanisani, nisimsingizie mtu. Nilifungiwa meza tu, na kosa lilikuwa langu.

Mume wangu alifariki akiniachia mabinti watatu na boma lake kule Butiama. Mabinti wameolewa mbali. Mimi nilihamia mjini, Bweri, nikawa nauza vitenge mtaa wa Mukendo, lakini ng'ombe na makaburi yalibaki Butiama, na maneno yalitoka huko. Kwetu mama asiye na mtoto wa kiume, nyumba yake huhesabiwa imezimika. Shemeji yangu alinipigia simu kila baada ya mavuno. "Shemeji, moto wa kaka unazimika, na wewe uko mjini unapiga pasi vitambaa vya padri."

Dawa ya jambo hilo tunaijua sote kule: nyumba ntobhu. Mama anatoa ng'ombe, anaoa msichana, msichana anatafutiwa mwanamume wa kuzaa naye, na mtoto anakuwa wa nyumba ya yule mama. Hapo hakuna mapenzi ya wanawake wawili, ni mambo ya ukoo tu. Ila mtoto ni wako kama uliyemzaa, na wazee watakutetea.

Nilijua Kanisa linasemaje. Nilikuwa mmoja wa akina mama wanaofua vitambaa vya altare. Nilivitia wanga, nikavinyoosha kwa pasi ya mkaa, na maji ya kwanza ya kufulia niliyamwaga penye maua, si njiani, maana huenda mna chembe ya Mwili wa Bwana. Mtu anayejua mpaka hapo hawezi kusema alikosa kwa kutojua. Nilioa nikiwa macho. Nilijiambia nitatubu baadaye, mtoto wa kiume akishapatikana, kana kwamba toba ni nguo iliyoko kwa fundi, unaifuata ukipata nafasi.

Msichana alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpole, na mwenye utani wa chinichini. Alisema napiga pasi kama ninayembembeleza mtoto alale. Aliniita mama. Asubuhi nilikuta maji ya kuoga yameshachemka. Tulikaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Paroko aliposikia aliniita, akaongea nami bila kupandisha sauti. Nikarudisha pasi na vitambaa, na kuanzia Jumapili iliyofuata nikawa mtu wa kubaki kwenye benchi.

Siku msichana alipojifungua nilisimama nje ya wodi na chupa ya uji wa ulezi. Muuguzi akatoka akitabasamu. "Bibi, umepata binti."

Sikuingia. Nilimkabidhi ile chupa, nikarudi Bweri. Msichana alipoletwa nyumbani nilichungulia chumbani kwake nikamwambia, "Kumbe hata wewe unazaa binti." Basi. Sikumbeba yule mtoto, hata mara moja. Siku ya arobaini nilirudi kutoka Mukendo nikakuta chumba kimefagiwa, na vitenge vyote nilivyompa vimekunjwa juu ya kitanda. Shemeji alitaka tuwafuate. Nikasema waende zao. Hasira zangu ni za karibu, na zikishanitoka hubaki mimi nazoa vipande.

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Nilisikia kwamba yule msichana yuko Bunda. Nikaanza kuhesabu: sasa mtoto ameota meno, sasa ametembea, sasa anauliza maswali ya kumchosha mama yake. Dukani nilipima kwa macho watoto wa rika lake waliokuja na wateja, nikakata kipande cha kitenge cha kumtosha, nikakiweka sandukuni. Nilifanya hivyo kila mwaka na sikumwambia mtu. Nilitamani kumbeba mtoto ambaye sura yake sikuwa naijua. Jumapili, nikiwa kwenye lile benchi, sikuweza tena kutofautisha kama naililia hostia au namlilia yeye.

Mwaka jana akaja paroko mpya. Siku moja alinisimamisha baada ya misa. "Mama, kila Jumapili upo, na kila Jumapili unabakigi umekaa. Unasubiri nini?"

Nikamweleza yote, nikitegemea mahubiri. Akasema tu, "Hayo ya kutubu utayaleta kitubioni, mlango uko wazi. Lakini huyo binti anajua kwamba yuko huru? Anajua kwamba mtoto ni wake?"

Kwa mila yetu, wazee wangeweza kwenda Bunda siku yoyote na kumchukua yule mtoto kwa jina la nyumba yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba huzuni yangu kama yai, na hofu ya yule msichana sikuwahi kuiwaza.

Nikaanzia Butiama. Mbele ya shemeji na wazee wawili nilisema msichana si wa nyumba yangu tena, mtoto ni wake, na ng'ombe wasidaiwe. Shemeji akatikisa kichwa. "Basi nyumba ya kaka imekufa."

"Kaka yako ana mabinti watatu," nikamwambia, "na wote wanapumua."

Kesho yake nikaenda Bunda, nimebeba vile vipande vyote vya kitenge. Nilimkuta nyuma ya mgahawa anakofanya kazi, anachambua mchele. Aliponiona alimwita mtoto aingie ndani, kisha akasimama akaziba mlango kwa mwili wake.

"Umekuja kumchukua," alisema.

"Hapana, mwanangu. Nimetoka kwa wazee. Uko huru, na mtoto ni wako, hakuna atakayekuja. Na lile neno nililokwambia siku ulipoletwa nyumbani na mtoto, nimekuja kukuomba msamaha."

Alikaa tena akavuta ungo, akachambua kwa muda mrefu bila kunitazama. Mimi nilibaki nimesimama kwenye jua.

"Ule uji niliunywa, mama," akasema mwishowe. "Muuguzi aliniambia umeupika wewe. Nikasema, huyu amekasirika tu, atambeba. Kila siku nilikuwaga namwogesha mapema, namfunga vizuri, nasubiri umbebe. Siku arobaini."

Nililia palepale uani, mtu mzima mimi, wapishi wakinitazama. Neno nimekusamehe hakulitamka. Alisogeza kigoda kwa mguu, akasema, "Kaa basi, ule."

Wiki iliyofuata nilikwenda kitubioni. Nilimpigia simu yule msichana nikamwambia Jumapili nitapokea komunyo, bila kumwomba kitu. Jumapili hiyo nikawaona wawili wanaingia kwa mlango wa pembeni, mtoto amevaa gauni la kipande cha mwisho nilichokata, kati ya vile nilivyomwachia mama yake Bunda. Lilimbana kwapani na kuishia juu ya magoti. Vipande vyote vilikuwa vifupi. Miaka yote nilikuwa nimempima mtoto mdogo kuliko aliyekuwepo. Wale watoto aliokuwa kabla ya huyu, wa kubebwa mgongoni na wa kushikwa mkono, sitawapata tena. Nawatamani hata leo.

Mtoto akaja kukaa kati yangu na mama yake. Wakati wa komunyo ulipofika, benchi letu lilisimama. Nami, kwa mazoea, nikageuza magoti pembeni, nikainamisha kichwa, nikasubiri wapite.

Mkono mdogo ukanigusa bega.

"Bibi, simama," akaninong'oneza. "Unawazibia watu njia."